Jinsi ya kuusoma umakini wako kupitia jambo unalolipenda sana

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza autism), au anayehisi kwamba huenda anao, ambaye tangu utotoni ameambiwa kwamba anapenda kitu kimoja kupita kiasi. Sikusudii kukufundisha namna ya kulipunguza pendo hilo. Ninataka kukuonyesha namna ya kulisoma, kwa sababu ukiwa ndani ya jambo linalokuteka, umakini wako haujifichi, na ni hapo unapoweza kuona kwa uwazi jinsi akili yako inavyofanya kazi.

Kwanza uelewe umakini wenyewe. Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson walichapisha makala iliyojenga hoja kwamba kila mtu ana kiasi chenye mpaka cha umakini kwa wakati mmoja, na kwamba watu hutofautiana katika namna wanavyokigawa. Kwa wengi hutawanyika kidogo kidogo katika mambo mengi. Kwa mtu mwenye usonji huelekea kukusanyika kwa nguvu katika mambo machache. Waliiita hali hiyo monotropizimu, na humu nitaiita umakini wa mkondo mmoja. Ndoo moja ya maji ukiimwaga uani italowesha kila mahali kidogo, lakini ukiipitisha kwenye mfereji mwembamba itasukuma changarawe na kuacha pembeni pakavu. Watu huuona ule ukavu wa pembeni: hukuitika ulipoitwa, hukumwona mgeni aliyesimama mlangoni, ulisahau kula. Msukumo wa maji ndani ya mfereji hawauoni. Hata mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unayahesabu mapendo haya miongoni mwa dalili za usonji. Maelezo hayo humsaidia daktari anayetafuta jina la hali, lakini hayamtoshi mtu anayetaka kuishi vizuri na akili aliyo nayo.

Chukua daftari, uandike kila jambo lililowahi kukuteka, kuanzia la kwanza unalolikumbuka, hata kama lilidumu wiki 3 tu. Chini ya kila moja jibu swali hili: ni sehemu gani hasa ya jambo hili iliyonivuta? Usiharakishe, kwa kuwa jibu la kwanza kwa kawaida huwa ni jina la kitu chenyewe, nalo halikufikishi mbali.

Mimi nilikulia Tanga, karibu na bahari, na tangu nikiwa na miaka 9 pendo langu limekuwa ni maji kupwa na kujaa. Waliokuwa karibu nami walidhani ninaipenda bahari, nami nikaamini hivyo kwa miaka mingi, ingawa sipendi kuogelea na habari za samaki hazinivutii. Nilipoliandika swali hilo na kukaa nalo siku kadhaa, nilikumbuka nilichokuwa nikifanya pale ufukweni: nilisimama kwenye ngazi za mawe na kuhesabu ni ngapi zimefunikwa, kisha kesho yake nikarudi kuhakikisha kwamba maji yamechelewa kwa takriban dakika 50. Nilingoja bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu, na katikati yake nikangoja maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Kilichonivuta kilikuwa mabadiliko yenye kanuni. Hapo nikaelewa jambo ambalo lilikuwa limenisumbua maisha yangu yote: kwa nini safari ya siku 2 yenye ratiba hainichoshi, ilhali mgeni mmoja mpendwa anayebisha hodi bila taarifa huniharibia jioni nzima. Kumbe mabadiliko hayakuwa tatizo langu. Nilikuwa ninahitaji kujua yatafika lini.

Jibu lako huenda likawa tofauti kabisa. Anayependa magari huenda anapenda mngurumo wa injini, na hivyo daftari lake litamwambia kuhusu masikio yake; anayekusanya majina ya kanga huenda anavutwa na namna maneno machache yanavyobeba ugomvi mzima wa majirani, na kwa njia hiyo amekuwa akijifunza kuhusu watu kutoka mahali salama. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya mifugo. Akiwa kijana, katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakitulia walipobanwa ubavuni ndani ya kizuizi cha kuchanjia. Alijaribu kubanwa vivyo hivyo, akatulia, na akajitengenezea mashine yake mwenyewe ya kumbana. Kuwatazama ng'ombe kwa makini kulimfunulia mwili wake ulikuwa unahitaji nini.

Baada ya kuijua sehemu inayokuvuta, fuatilia jinsi unavyoingia na unavyotoka. Kwa wiki moja andika saa uliyoanza, saa uliyokatizwa, na saa ambayo akili yako ilifika kweli kwenye jambo jipya. Nafasi kati ya kukatizwa na kufika huko ndiyo yenye thamani. Yangu ilikuwa karibu dakika 20, na katika dakika hizo nilikuwa nikijibu watu kwa ukali bila kukusudia.

Shangazi yangu, ambaye ninaishi naye, alikuwa akiniita kwa sauti kutoka jikoni, nami nikishtuka kama niliyemwagiwa maji ya baridi, kisha ninabaki na hasira nisiyojua imetoka wapi. Nilimwonyesha daftari. Tangu siku hiyo huja na kikombe cha chai, akakiweka kwenye kona ya meza bila kusema neno, na kuondoka. Harufu ya tangawizi hunifikia polepole. Ninaumaliza mstari ninaouandika, ninainua kichwa, ninashika kikombe, na kufikia nusu yake ninakuwa nimetoka mwenyewe. "Umerudi, mwanangu?" huniuliza kutoka barazani. "Nimerudi, shangazi." Mazungumzo yetu ya jioni hayajawahi kuwa mazuri kama yalivyo sasa.

Ukiwa peke yako, tengeneza daraja lako la kutokea. Kabla ya kuacha, andika sentensi moja inayosema umeishia wapi na utaanzia wapi, kwa maana akili ya mkondo mmoja huachia kwa urahisi zaidi inapoamini kwamba haitapoteza mahali pake. Maji ya kunywa na chakula viwe mkononi kabla hujazama, usitegemee kwamba njaa itakubishia mlango.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki uzipite. Pendo hulisha; lakini ukikuta kwamba unarudia jambo kwa sababu unaogopa baya litatokea usipolirudia, hiyo ni hali nyingine, na mtaalamu wa afya ya akili ana njia za kukusaidia. Vilevile, pendo la miaka mingi likizimika ghafla, na daftari likabaki jeupe, usifurahi kwamba umekua. Mara nyingi huo ni uchovu mkubwa au sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na inafaa umwambie mtu mapema. Daftari hili pia halikupi jibu kwamba una usonji au huna. Hata hojaji ya kauli 47 iliyotolewa mwaka 2023 kupima umakini wa mkondo mmoja haifanyi kazi hiyo, ingawa kuzisoma kauli zake kunaweza kukupa maneno uliyoyakosa.

Hatimaye uwaeleze watu, na uwaeleze kwa ombi mahsusi. Ukisema tu "mimi nina usonji", wengi watakuhurumia na kuendelea kukuita kutoka jikoni. Kazini nilimwandikia msimamizi wangu hivi: "Ninafanya kazi vizuri zaidi nikiwa na jambo moja mbele yangu kwa saa 2. Ukiwa na kazi nyingine, naomba uniandikie kwenye karatasi na uiweke mezani. Nitaichukua nikifika mwisho wa ile ninayoifanya. Likiwa la dharura, niguse bega kabla ya kuzungumza." Aliisoma mara moja, akauliza karatasi ziwe za rangi gani, na asubuhi iliyofuata nilikuta ya kwanza, ya njano, kando ya kalamu zangu.