Mizani imegoma? Anza na chupa ya mafuta

Umepungua kilo kadhaa, kisha mizani ikasimama palepale wiki nne. Usikimbilie kuruka mlo. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo sahani iliyokupunguza mwezi wa kwanza sasa inatosha tu kukubakiza ulipo.

Mimi ningeanza jikoni. Acha kumimina mafuta kwa kukadiria, pima kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 120, na mboga ya kuunga kwa nazi hubeba nyingi kuliko inavyoonekana. Sukari ya kwenye chai nayo ihesabu (hiyo wengi tunajifanya hatuioni). Punguza ugali kidogo, ongeza maharage, dagaa au mayai. Yanashibisha na kusaidia kulinda misuli.

Kama zoezi lako ni kutembea tu, tenga siku mbili au tatu kwa wiki za kuchuchumaa na kusimama, pushapu, au kunyanyua dumu la maji la lita 10. Na pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, maana mara nyingine kinapungua huku mizani haijasogea.