Oili ya Kuanzia: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaitoa Bodaboda Mpya Dukani

Anayenunua pikipiki mpya hupiga hesabu ya bei, bima, kofia na namba, habari ya oili akamwachia muuzaji. Kama chombo kimechukuliwa kwa mkataba ndiyo kabisa: hesabu ya bosi inaanza kudaiwa kesho, nani akae kusoma maandishi ya kopo? Ila ni katika kilomita mia chache za mwanzo ndipo injini inapojijenga kuwa ya kula oili au ya kutulia.

Silinda mpya haijalainishwa kabisa. Kiwandani huachiwa kwa makusudi mikwaruzo midogo inayokatizana, nayo ringi za pistoni zinapopanda na kushuka, presha ya moto unaowaka juu huzisukuma zibane ukuta. Vincha vya mikwaruzo vinalika, ringi zinakalia mahali pake, na vumbi la chuma linaingia kwenye oili. Pikipiki ndogo nyingi hazina filta ya karatasi kama ya gari. Zina wavu, ambao hauzuii vumbi laini. Dawa yake ni kumwaga oili mapema. Kwa hiyo, kabla ya kuitoa dukani, jua kwamba unanunua oili ya aina mbili: iliyomo ndani tayari, na ile utakayoweka baada ya muda mfupi.

Hiyo iliyomo, iulizie. Pikipiki nyingi huletwa kwenye maboksi zikafungwe hapa hapa nchini, kwa hiyo usibahatishe kama oili imetiwa. Ifanye isimame wima sakafuni, utazame kijiti au kidirisha cha oili kabla haijapigwa kiki hata mara moja.

Ya pili itafute kwa kitabu cha pikipiki, si kwa ushauri wa kijiweni. Kitabu kitakupa unene, kwa mfano 20W-50, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za Kihindi tulizozizoea, au 10W-30, ambayo Honda nyingi hutaka. Tarakimu ya mwisho inaeleza uzito wa oili injini ikishachemka. Kuna imani kwamba oili nzito ndiyo inayolinda zaidi. Kama injini imetengenezwa kwa 10W-30, oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali, unapowasha asubuhi, na pale ndipo penye kusagika.

Halafu tafuta herufi JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana oili ya gari ina jina kubwa na bei nzuri. Kwenye pikipiki ya gia, sahani za klachi zinaoga katika oili ile ile ya injini. Oili nyingi za magari ya petroli zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari lisile mafuta. Klachi ikizipata inateleza, unavuta moto injini inalia bila pikipiki kwenda. Kopo lenye maneno Resource Conserving sehemu ya chini ya duara la API, alama ya kiwango cha Kimarekani cha oili, lirudishe rafuni. JASO MB nayo ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hiyo.

Sasa, sintetiki, yaani oili iliyoundwa kwa kemia kiwandani, au ya kawaida? Mafundi wengi wanaapa kwamba sintetiki inateleza mno na ringi hazikai. Hoja hiyo si amri ya kila injini: magari ya Corvette yamekuwa yakitoka kiwandani Marekani na Mobil 1 ya sintetiki tangu 1992, na ringi zake hukaa vizuri. Hata hivyo kwa bodaboda inayopozwa na upepo mimi nachagua ya kawaida, ya madini, kwa sababu rahisi: utaimwaga baada ya muda mfupi, ya nini kumwaga pesa? Dawa za chupa za kuongezea nguvu waachie wanaoziuza. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa usiisogelee kabisa, hujui imetoka wapi.

Nunua kopo la lita moja siku hiyo hiyo unayochukua pikipiki, kwenye duka linalotoa risiti, na ukague kifuniko kama kina muhuri ambao haujaguswa. Pikipiki za CC 100 hadi 150 hutumia takriban lita moja. Kiasi kamili kimo kitabuni. Uliza pia servisi ya kwanza ni kilomita ngapi, mara nyingi kati ya 500 na 1,000, na kama ukibadilisha kwa fundi wa nje waranti inakufa. Kwa dereva anayezunguka kutwa hizo ni siku chache tu, kwa hiyo elewana na bosi mapema: siku ya servisi hesabu ipungue, na wiki hizo usibebe mishikaki wala magunia ya mkaa.

Siku ya kumwaga, injini iwe ya vuguvugu ili oili ishuke na uchafu wake. Wavu usafishwe, washa ya nati ya chini iwe mpya. Ukishajaza, washa dakika mbili tatu, zima, subiri ishuke, ndipo upime tena: mara nyingi kipimo kitakuwa kimepungua kidogo.