Injini ya lori inakufa: ovahoo au ununue nyingine?

Fuso likianza kuishiwa nguvu kwenye mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu na moshi umefunika barabara, fundi wa kwanza utakayemkuta Unga Limited, mtaa wa magereji Arusha, atakwambia "bosi hii imeisha, tafuta nyingine". Inaweza kweli imeisha. Ila usitoe hela kwanza, maana kinachoamua kati ya ovahoo, yaani kuifumua injini na kuijenga upya, na kununua nyingine sio moshi, ni bloku (mwili wa injini) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Hivyo viwili vikiwa vizima, vingine karibu vyote vinatengenezeka.

Anza na vya bei rahisi. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi au dizeli imezidi, so cheki eya klina, nozeli na turbo, alafu kumbuka Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, gari lisilo na turbo likitokea Tanga litatoa moshi zaidi huku juu na wala haliumwi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, lakini turbo iliyochoka nayo inamwaga oili, sio lazima iwe ringi. Mweupe ukiendelea hata injini ikishapata moto na maji yanapungua, shuku gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini.

Kuna moja mafundi wengi wanairuka: kompresa ya upepo wa breki. Ikichakaa inasukuma oili kwenye matenki ya upepo, wewe unaona oili inapungua unalaumu pistoni. Fungua koki za chini ya matenki, zikitema oili nyingi mwizi umempata. Na zile zinazopozwa na maji, gasketi yake ikiungua inapuliza upepo kwenye rejeta, maji yanachemka mapovu kama vile hedi imekufa. Watu wameshusha hedi bure kabisa kwa hili.

Kama bado, sasa pima. Kompresheni ipimwe silinda moja moja ulinganishe na kitabu cha injini hiyo, ikishuka moja peke yake mara nyingi ni valvu, ringi au gasketi, zikishuka zote injini imechakaa. Kata filta ya oili uikunjue, ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba beringi zinaliwa, hapo usiwashe tena hata kuisogeza gereji, ivutwe, maana kila dakika inayozunguka inakula krenki.

Sampo, ile trei ya oili chini ya injini, ikishushwa, krenki ipimwe na maikromita, sio kwa kucha ya fundi. Uliza imeshasagwa mara ngapi, milimita 0.25, 0.50, kuna mwisho wake na ukishapita huo hakuna beringi ya kukufaa. Bloku iangaliwe nyufa. Kama konrodi, chuma kinachounga pistoni na krenki, imetoboa bloku hakuna mjadala, nunua nyingine.

Vyote vikiwa salama mi naenda na ovahoo, kwa sababu unajua umeweka nini ndani. Ila piga hesabu yote: slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi, kazi ya mashine shopu, kupima pampu na nozeli, ufundi, na siku gari limelala. Hizo siku ndio watu wanasahau. Msimu wa vitunguu Mang'ola umepamba moto na rejesho la benki linakusubiri, injini ya mtumba inayofungwa haraka inaweza kukutoa hata kama krenki yako bado nzima.

Ukinunua mtumba, izungushe kwa mkono, fungua kava ya tapeti uone kama kuna matope ya oili, na muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ikikataa baada ya kufungwa anaipokea. Chukua modeli ile ile, na kama ni ya dizeli inayoongozwa na kompyuta dai na kontrol boksi yake, yaani hiyo kompyuta, bila hiyo umenunua chuma.

Risiti na nyaraka za injini usitupe. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA ukabadilishe taarifa mapema, usisubiri siku unataka kuuza gari mnunuzi anainama kusoma namba na haifanani.