Namna ya Kujadiliana na Kampuni Inayotaka Kufadhili Utafiti wa Tiba: Mwongozo kwa Watafiti wa Vyuo Unguja na Pemba

Kampuni ya dawa au ya vipimo inapomwandikia mhadhiri wa Unguja au mtafiti wa Pemba kwamba ingependa kugharamia utafiti wake, barua hiyo huwa imekwishapitiwa na wanasheria na wahasibu wa kampuni, na mara nyingi hufuatana na mkataba ulioandikwa tayari, uliobakisha saini tu. Mtafiti anayeipokea huwa na haraka, kwa sababu fedha za utafiti wa tiba katika visiwa vyetu ni chache na wanafunzi wake wa uzamili wanasubiri. Mwongozo huu haumwambii azikimbie fedha za kampuni, kwani dawa nyingi tunazozitumia zisingemfikia mgonjwa bila ya kampuni kuzigharamia. Unamwambia kwamba mkataba ule ni pendekezo la upande mmoja, kwamba karibu kila kifungu chake hujadilika kabla ya saini, na kwamba cha kwanza kukilinda, kabla hata ya kiwango cha fedha, ni haki ya chuo kuyatangaza matokeo, yawe yanaipendeza kampuni au yanaichukiza.

Jua unacholeta mezani

Anayejadiliana akiamini kuwa yeye ni muombaji tu huishia kupokea anachopewa. Ipo sababu ya kampuni kuja Zanzibar. Emodepside, dawa ya minyoo iliyoanzia katika tiba ya paka na mbwa na ambayo kampuni ya Bayer inaiendeleza kwa ajili ya binadamu, ilijaribiwa Pemba dhidi ya minyoo ya safura na minyoo mjeledi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine. Majaribio hayo yaliongozwa na taasisi ya utafiti ya Uswisi kwa kushirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Jaribio la namna hiyo haliwezekani mahali ambapo ugonjwa haupo, wala mahali ambapo hapana mafundi wa maabara waliozoea kuhesabu mayai ya minyoo kwa njia ya Kato-Katz, wala mahali ambapo mtafiti hawezi kuingia shehia kwa ridhaa ya sheha na wazee wakampokea.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano wa kwanza, andika waraka mfupi unaoeleza ugonjwa uliopo na ulivyoenea, vifaa vya maabara vinavyofanya kazi, wataalamu na uzoefu wao, tafiti zilizokwisha kukamilika na namna mnavyofikia skuli, vituo vya afya na shehia. Waraka huo ndio utakaokupa sauti siku kampuni itakapodai kuwa bei yako ni kubwa.

Kampuni ikisema itatoa dawa bure, shukuru, lakini usikubali dawa hizo zihesabiwe kuwa ni bajeti. Zanzibar imefaidika sana na dawa za msaada, ikiwemo praziquantel ya kichocho ambayo kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikiitoa kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Huo ni msaada wa tiba kwa wananchi. Dawa inayoletwa ili ipimwe ni sehemu ya gharama za mwenye dawa, na thamani yake haimlipi muuguzi wala haitii mafuta katika gari.

Nani azungumze, na kwa ruhusa ipi

Mkataba ufungwe baina ya kampuni na chuo, usiwe baina ya kampuni na mtafiti binafsi. Mtafiti mkuu ndiye anayeijua itifaki ya utafiti, kwa hivyo lazima awepo katika mazungumzo, lakini mwanasheria wa chuo na mhasibu nao wawepo tangu mwanzo, na saini iwekwe na mwenye mamlaka ya kukifunga chuo. Mtafiti aliyesaini peke yake hubaki peke yake siku ya mgogoro.

Karatasi ya kwanza kuletwa huwa ni makubaliano ya usiri, na wengi huisaini bila ya kuisoma kwa kuwa ni fupi. Isome. Iwe na muda maalumu wa kumalizika, isiyafunge mambo uliyoyajua kabla ya kukutana na kampuni, na itamke wazi kwamba habari yoyote inayohusu hatari kwa afya ya washiriki haimo katika siri. Mjini Toronto, mwaka 1996, Dkt. Nancy Olivieri alipotaka kuwaeleza wagonjwa wake kuhusu madhara aliyoyaona katika dawa ya deferiprone, kampuni ya Apotex iliyokuwa ikifadhili utafiti ilisitisha majaribio na kumtishia hatua za kisheria, ikitegemea kifungu cha usiri. Sentensi moja iliyokosekana katika mkataba ilizaa mgogoro wa miaka mingi.

Ruhusa za kisheria zinatafutwa hapa hapa. Afya haimo katika mambo ya Muungano, kwa hiyo kibali cha maadili kilichotolewa Tanzania Bara hakitoshi kuanzisha utafiti Unguja au Pemba. Maombi yapelekwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, na dawa isiyosajiliwa iombewe ruhusa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Weka katika mkataba kwamba hakuna mshiriki atakayeandikishwa kabla ya vibali hivyo, na kwamba muda utakaotumika kuvisubiri hautahesabiwa kuwa ni ucheleweshaji wa chuo. Jaribio pia lisajiliwe katika daftari la wazi la majaribio ya tiba kabla ya mshiriki wa kwanza, kwani tangu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba hukataa kazi ambayo haikusajiliwa.

Haki ya kuchapisha

Hapa ndipo pa kusimama imara. Mwaka 1987, Betty Dong, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alisaini mkataba wa kulinganisha dawa maarufu ya tezi ya shingo na dawa nyengine za bei nafuu, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichokataza matokeo kuchapishwa bila ya idhini ya maandishi ya kampuni iliyofadhili utafiti. Utafiti ulionesha kuwa dawa zile zote zilikuwa sawa. Makala ilikubaliwa na JAMA, jarida la tiba la Marekani, ikakaribia kutoka mwanzoni mwa mwaka 1995, kisha ikaondolewa kwa sababu kampuni ilishikilia kifungu chake na chuo hakikuwa tayari kumtetea mtafiti wake mahakamani. Ilichapishwa mwaka 1997. Katika miaka hiyo yote wagonjwa waliendelea kununua dawa ya bei kubwa bila ya kujua kwamba ya bei ndogo ingewatosha.

Kifungu cha kupendekeza kinaweza kuandikwa hivi: «Chuo kitakuwa na haki ya kuchapisha matokeo yote ya utafiti. Kampuni itapewa rasimu siku 30 kabla ya kupelekwa kwenye jarida, na inaweza kutoa maoni ambayo watafiti watayazingatia bila ya kulazimika kuyafuata. Kampuni ikitaka kuombea hataza uvumbuzi uliomo, itaongezewa siku zisizozidi 60.» Hataza ni haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi. Kampuni zilizozoea kufanya kazi na vyuo hazishangazwi na maneno haya. Neno la kukataa kabisa ni «idhini». Kampuni ipewe nafasi ya kusoma na kutoa maoni, isipewe ufunguo.

Haki hiyo haina maana ikiwa data haziko mikononi mwako. Dai mtafiti mkuu apate data kamili za utafiti, sio muhtasari ulioandaliwa na mtakwimu wa kampuni, na awe huru kuzichambua upya. Jaribio likifanywa katika nchi kadhaa, ni haki kampuni iombe makala ya pamoja itoke mwanzo, lakini weka ukomo: makala hiyo isipotoka ndani ya miezi 12 baada ya jaribio kumalizika, kila kituo kiwe huru kuchapisha data zake. Ongeza kwamba kampuni ikilisimamisha jaribio kwa sababu za kibiashara, data zilizokwisha kukusanywa zitaweza kuchapishwa, na washiriki walio katikati ya tiba watahudumiwa hadi wafike mahali pa salama.

Bajeti

Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Andika bajeti yako mwenyewe kabla ya kuitazama ya kampuni, ukianzia kazi ya siku ya kwanza hadi utunzaji wa nyaraka miaka mingi baada ya utafiti kufungwa. Gharama zinazosahaulika ni zile ambazo mtu wa makao makuu ya kampuni hawezi kuzijua: mikutano na masheha, boti baina ya Unguja na Pemba, mafuta ya jenereta ili majokofu ya sampuli yasipoteze baridi umeme unapokatika, utoaji wa vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) bandarini, saa za ziada za mafundi, na kuwatafuta nyumbani washiriki waliokosa siku yao.

Angalia kwa makini kampuni inapopendekeza kulipa kwa kila mshiriki aliyeandikishwa. Ikiwa itabidi upime kinyesi cha watoto wengi ili umpate mmoja mwenye minyoo ya kiwango kinachotakiwa, kazi hiyo yote itakuwa haina malipo. Dai malipo kwa kila anayefanyiwa uchunguzi wa awali, na malipo ya maandalizi yasiyorejeshwa hata jaribio lisipoanza. Gawa malipo kwa hatua, fedha zitangulie kazi, na kiasi kinachozuiwa mpaka mwisho kiwe kidogo. Taja sarafu, atakayebeba hasara ya mabadiliko ya thamani yake, na atakayelipa ada za benki. Kuhusu kodi, mhasibu aulize mapema, kwa sababu Mamlaka ya Mapato Zanzibar na ile ya Tanzania zote zinafanya kazi Visiwani.

Asilimia ya gharama za uendeshaji za chuo isiachwe kwa hisani. Umeme, maktaba na ofisi ya fedha vinatumika, na chuo cha umma kikizisamehe gharama hizo kinaifadhili kampuni kwa fedha za wananchi. Kinyume chake, kataa bakshishi kwa daktari kwa kila mgonjwa anayemleta; malipo hayo humvuta kumuingiza asiyestahiki.

Mambo mengine ya kufungia

Hataza za Zanzibar husajiliwa Zanzibar, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, chini ya sheria yake yenyewe; mkataba unaotaja «Tanzania» peke yake unaweza kuiacha Zanzibar nje. Vifaa na ujuzi ambao chuo kilikuwa navyo kabla ya utafiti vibaki kuwa vyake. Sampuli zinazosafirishwa nje zitumike kwa kazi iliyotajwa tu, zisiuzwe, na zilizobaki ziharibiwe au zirudishwe kwa maandishi.

Anayedhurika na dawa inayojaribiwa atibiwe kwa gharama za kampuni, iwe Mnazi Mmoja au nje ya Visiwa, na cheti cha bima kionekane kabla ya kuanza. Uliza pia, kwa mujibu wa Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, nani atawapatia washiriki dawa hiyo ikithibitika kuwa inawafaa. Kampuni ikitaka migogoro iamuliwe London au New York, pendekeza sheria ya Zanzibar. Ikikataa, kubalianeni kwamba mdai amfuate mdaiwa kwao.

Huwezi kupata yote. Chagueni pamoja vifungu vitatu ambavyo bila ya hivyo chuo hakitasaini, na katika vilivyobaki muwe wepesi wa kuachia. Baada ya kila kikao, peleka siku hiyo hiyo muhtasari wa maandishi wa mliyokubaliana. Na kampuni ikisimama kwenye neno «idhini», iombe ieleze sababu zake kwa barua, kisha wewe uikabidhi barua hiyo kwa Makamo Mkuu wa Chuo pamoja na pendekezo lako la maandishi kwamba mkataba usisainiwe.