Jinsi ya kupoza pawa saplai ya kompyuta ya mezani na kuituliza kelele

Mama mmoja mwenye steshenari hapa Chikongola, Mtwara mjini, aliniita hivi karibuni akilalamika kwamba kompyuta yake inakoroma kutwa nzima na kwamba ifikapo saa nane mchana hujizima yenyewe, hata kama mteja amesimama anasubiri barua yake ichapwe. Kijana wake alikuwa amemshauri feni ya pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ichomolewe waya ili kelele ziishe. "Nikamwambia asubiri fundi aje, mwanangu, maana kitu hakikuwekwa pale bure," akaniambia, na namshukuru kwa kukataa. Feni ya pawa saplai nyingi huongeza kasi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo anayetaka utulivu hana budi aanze kwa kupunguza joto, na kelele zitapungua zenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha kelele zinatoka kwenye pawa saplai. Viringisha karatasi nene iwe kama bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine uisogeze nyuma ya kasha la kompyuta, kisha karibu na feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta). Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu, usiobadilika feni inapopunguza kasi, hiyo ni mitetemo ya koili na hakuna mafuta yatakayoiponya.

Hatua ya pili: angalia kompyuta ilipowekwa. Ya yule mama ilikuwa ndani ya kabati la mbao, mgongo umegusa ukuta, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma kilichoning'inia hadi kufunika matundu ya nyuma. Kitambaa kinapendeza, lakini hewa ya moto haikuwa na pa kutokea. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma ya kasha, na usiliweke sakafuni, kwa sababu kila anayefagia asubuhi anailisha feni vumbi. Matofali mawili yanatosha kuliinua. Kama pawa saplai yako imefungwa chini ya kasha huku feni ikitazama sakafu, hakikisha haijakalia zulia wala mkeka.

Hatua ya tatu: safisha. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utumike, kisha ndipo ufungue kasha. Feni izuie isizunguke kwa kijiti cha mshikaki unapopuliza kwa blowa, kwa maana kuzungushwa kwa kasi isiyo yake huharibu beringi. Huku kwetu vumbi haliji peke yake. Kompyuta zinazotoka Shangani, karibu na bahari, huwa na vumbi lililolowa unyevu wa chumvi na kugandamana kama uji uliokauka, nalo halitoki kwa kupuliza tu, bali hutaka brashi kavu ya kupakia rangi. Kwa wenye maduka kando ya barabara zinazopita malori ya korosho, safisheni kabla ya msimu kuanza Oktoba na tena unapokwisha.

Kufungua kisanduku cha pawa saplai chenyewe ni jambo jingine. Kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi umeme) iliyomo ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 za mkondo mnyoofu (DC) hata baada ya waya kuchomolewa, na volti hizo zinaweza kuua. Kama hujawahi kupima kapasita kwa multimita (kipimo cha umeme), ishia kwenye kupuliza kutokea nje na umwachie fundi yanayofuata. Mimi hukiacha kisanduku kwa muda wa kutosha, kisha napima, na sianzi kazi mpaka kipimo kishuke karibu na sifuri. Ile tabia ya kugusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili "kuitapisha" siipendi hata kidogo, kwani cheche zake huchoma bodi na macho pia.

Hatua ya nne: feni. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Feni inayokwaruza kwa sababu ya kukauka yaweza kuokolewa. Bandua stika iliyo katikati, dondosha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, izungushe kwa kidole, kisha irudishie stika. Usitumie mafuta ya nazi, ambayo hulainisha kwa wiki chache kisha hunatanata na kukusanya vumbi, wala dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, ambayo husafisha mafuta yaliyokuwamo kisha nayo ikayeyuka. Ikiwa mhimili unacheza kushoto na kulia ukiusukuma, mafuta ni kupoteza muda, na feni ibadilishwe. Mimi huchagua feni ya beringi za gololi badala ya ya bushi (mhimili unaozunguka ndani ya bomba bila gololi), ingawa ya gololi ina mvumo kidogo tangu siku ya kwanza, kwa sababu bushi iliyolala kifudifudi juu ya vyuma vya moto hukauka mapema, hasa miezi ya kaskazi ambapo hata usiku hakuna ubaridi.

Sasa habari ya siku niliyoipoteza. Miaka kadhaa iliyopita niliifungia kompyuta yangu feni ya milimita 120 niliyoisifu kwa ukimya wake. Niliijaribu kwa volti 12 mezani, ikazunguka vizuri sana. Nilipoifunga ndani ya pawa saplai, ilitikisika kidogo na kusimama, kisha baada ya muda, kisanduku kikiwa cha moto wa kuunguza kiganja, ikazinduka, ikapoza, ikasimama tena. Nilishuku kapasita, nikabadilisha mbili bila sababu, nikashuku kipima joto, nikalehemu upya karibu nusu ya bodi, na adhana ya magharibi ikanikuta bado nimeinama. Mwishowe niliweka multimita kwenye nyaya mbili za feni, nikakuta volti 4.6 tu. Pawa saplai nyingi huipa feni volti chache wakati kisanduku ni baridi na kuziongeza joto linapopanda. Feni ya zamani ilikuwa na uwezo wa kuanza kwa volti hizo chache, na yangu mpya haikuwa nao.

Tangu siku hiyo sifungi feni kabla ya kuipa mtihani wa betri. Chukua betri tatu za saa ya ukutani, ziunganishe mfululizo upate volti 4.5, kisha gusisha nyaya za feni. Ikianza yenyewe bila kusukumwa, isimamishe na kurudia mara kumi, kila mara mapanga yake yakiwa yamesimama mahali tofauti. Ikikwama hata mara moja, itafutie kazi nyingine.

Mambo mengine ya kuangalia katika hatua hii:
- Feni kubwa ya juu husukuma hewa kuingia ndani ya kisanduku, kwa hiyo upande wenye stika utazame ndani. Ile ndogo ya milimita 80 iliyo nyuma hutoa hewa nje.
- Ukikuta kipande cha plastiki angavu kimefunika sehemu ya feni, usikitupe ukidhani ni mabaki ya kufungia bidhaa. Kazi yake ni kuelekeza hewa ifike kwenye vifaa vilivyo mbali na matundu, na kukiondoa huacha kona moja ikichemka.
- Zibane nyaya za feni zisifikie mapanga.

Wapo wanaoongeza rezista (kipingamizi cha umeme) kwenye waya wa feni ili izunguke polepole. Naipinga njia hiyo, kwani unapata utulivu kwa kupika kapasita, ambazo kwa kanuni ya mafundi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka.

Hatua ya tano: tazama umeme wenyewe. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 170, kompyuta huvuta ampea nyingi zaidi ili ipate wati zilezile, takriban mara 1.35, na joto kwenye nyaya na koili za upande wa kuingilia hukaribia kuwa maradufu. Kompyuta ya yule mama ilichangia ekstensheni moja na friji ya soda. Tuliihamishia kwenye soketi yake na stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti.

Hatua ya sita: ukilazimika kununua mpya. Kompyuta inayotumia wati 200 kupitia pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 250 ukutani, na wati 50 zinabaki kuwa joto ndani ya kisanduku. Kwa ufanisi wa asilimia 90 joto hilo hushuka hadi wati 22 hivi. Kwa sababu hiyo natafuta nembo ya 80 Plus, mpango wa kuthibitisha ufanisi wa pawa saplai ulioanza mwaka 2004, kabla ya kutazama namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Inyanyue pia kwa mkono, kwa kuwa nyepesi kama boksi tupu mara nyingi imepunguziwa koili na mapezi ya alumini ya kupozea. Kama ni ya mtumba na ina swichi nyekundu mgongoni, hakikisha inasomeka 230 kabla ya kuichomeka. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115, italia mara moja tu, kisha haitawaka tena.