Pampu mbili ndogo badala ya moja kubwa
Kwa tangi la matumbawe la nyumbani, zidisha lita za tangi kwa 20 upate lita za maji za kusukumwa kila saa ndani ya tangi, kisha jibu ligawe kwa pampu mbili za mkondo. Langu ni la lita 200, kwa hiyo nimefunga mbili za lita 2,000 kwa saa, moja kila ubavu, zikitazamana kwa mshazari. Mikondo ikigongana katikati, maji huvurugika na kufika hadi nyuma ya mawe, kule uchafu ulikokuwa unalala kama vumbi la kahawia. Na moja ikizima usiku, nyingine ipo. Matumbawe magumu ya matawi hayatosheki na hesabu hii, anzia kuzidisha kwa 40. Mchanga laini kama unga nao utatimka tu. Pandisha pampu juu. Usilipulizie tumbawe moja kwa moja, nyama hubanduka ukabaki mfupa.