Namna ya Kupima Chama cha Kiislamu kwa Mizani ya Demokrasia: Mfano wa Ennahda

Ukitaka kujua kama chama chenye misingi ya Kiislamu kinaikubali demokrasia kwa dhati, usianze na hotuba za viongozi wake. Mjadala kuhusu shura (kanuni ya Kiislamu ya kushauriana) na demokrasia ni mzito na una heshima yake, lakini hautakuonyesha chama kitafanya nini siku kitakaposhindwa. Anza na tarehe: andika siku ambazo chama kilikuwa na nguvu au kiliipoteza, kisha uandike kilichofanya. Ennahda ya Tunisia inafaa kujifunzia, kwa kuwa imepita katika majaribu ya kila namna.

Msingi wake uandike kwa ufupi. Harakati hiyo ilitangazwa mwaka 1981, ikakandamizwa, na kiongozi wake, Rached Ghannouchi, akaishi uhamishoni London hadi Januari 2011, baada ya Rais Ben Ali kuikimbia nchi.

Kaa muda mrefu zaidi katika miaka iliyofuata. Tarehe 23 Oktoba 2011 Ennahda ilipata viti 89 kati ya 217 vya Bunge la Katiba, ikaunda serikali pamoja na vyama viwili visivyo vya kidini. Machi 2012 ilitangaza kwamba haitadai sharia itajwe katika katiba. Miezi michache baadaye, hata hivyo, rasimu ilimweleza mwanamke kuwa mkamilishaji wa mwanamume, wananchi wakaandamana, na maneno hayo yakaondolewa. Andika yote mawili, pendekezo na kurudi nyuma, wala usilifute la kwanza kwa sababu ya la pili.

Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, waliuawa kwa risasi, na serikali ikalaumiwa kwa kuwalegezea wenye msimamo mkali. Chama cha wafanyakazi, UGTT, na taasisi nyingine tatu zilisimamia mazungumzo, Ennahda ikakubali kuondoka serikalini bila kushindwa katika uchaguzi wowote, na katiba ikapitishwa Januari 2014 kwa kura 200. Oktoba mwaka huo ilipata viti 69 dhidi ya 86 vya Nidaa Tounes, chama kisicho cha kidini, ikayakubali matokeo. Kwangu mimi, hakuna kipimo kinachoshinda hiki: kuachia madaraka ukiwa bado na wafuasi wa kujaza barabara.

Linganisha na Misri, ambako Rais Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu, aliyechaguliwa kihalali, alitoa tamko Novemba 2012 la kuyaweka maamuzi yake juu ya mahakama. Usiishie hapo, kwa maana Julai 2013 jeshi lilimpindua. Kipimo kisichowagusa wapinzani wa vyama hivi si kipimo cha haki. Nchini Algeria pia ni jeshi lililofuta uchaguzi Januari 1992, baada ya chama cha Kiislamu cha FIS kuongoza duru ya kwanza, na nchi ikaingia katika vita vilivyoua watu kwa makumi ya maelfu.

Kwa kipimo hichohicho, nchini Tunisia ni Rais Kais Saied, asiye na chama, aliyesimamisha bunge tarehe 25 Julai 2021. Ghannouchi, aliyekuwa spika wa bunge hilo, alikamatwa Aprili 2023. Wengi walishangilia bunge lilipofungwa, nao wana hoja ya kusikilizwa, kwani ajira zilikosekana, na viti vya Ennahda vilikuwa vimeshuka hadi 52 mwaka 2019.

Mwisho, chunguza kile ambacho chama hakikujenga kilipokuwa na nafasi. Katiba ya 2014 iliagiza Mahakama ya Katiba iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi. Vyama bungeni, Ennahda ikiwamo, vilivutana kuhusu majaji kwa miaka, na siku bunge lilipofungwa hapakuwa na mahakama ya kumwuliza rais kama ana mamlaka hayo.